Maelezo gani ya mauaji huzaa waigaji

Watu wakiuawa kwa wingi, habari lazima itangazwe. Mimi ni mtaalamu wa saikolojia ya uhalifu na sijawahi kumwomba mhariri anyamaze. Ugomvi wangu na wahariri ni juu ya picha ya muuaji ukurasa wa mbele, maandishi yake kunukuliwa neno kwa neno, na ratiba ya matendo yake kupangwa dakika kwa dakika.

Mwigaji haumbwi na habari peke yake. Mara nyingi ni mtu mwenye kinyongo cha siku nyingi, anayejiona amedharauliwa, tena huenda ameshawaza kujiua. Anachokosa ni mfano wa mtu anayefanana naye. Tukieleza umri wa muuaji, machungu yake, mavazi yake hadi maneno yake ya mwisho, tumempa msomaji wa aina hiyo ndugu na mwongozo kwa mkupuo. Idadi ya waliokufa nayo huwa rekodi ya kuvunjwa, maana vichwa vya habari hupanga mauaji kama msimamo wa ligi. Hilo hunikera kuliko yote.

Mauaji ya shule ya Columbine, Marekani, yalitokea Aprili 1999, na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wakati huo wangali wanayachimbua. Machi 2019, muuaji wa misikiti ya Christchurch, New Zealand, alirusha shambulio lake mubashara. Watu 51 walikufa, na Facebook ilisema iliondoa nakala milioni 1.5 za video hiyo ndani ya saa 24. Zilizobaki zilitosha: Mei 2022, aliyeua watu 10 Buffalo, Marekani, alirusha mubashara vilevile na kunakili sehemu kubwa ya maandishi ya mtangulizi wake.

Kupunguza maelezo husaidia. Mwaka 1987, magazeti ya Vienna, Austria, yalipewa mwongozo wa kuripoti watu wanaojiua kwenye treni za chini ya ardhi. Ndani ya miezi michache visa hivyo vilishuka kwa zaidi ya robo tatu. Kujiua si sawa na kuua wengine, lakini njia ya kuigana inakaribiana sana.

Wahariri hunijibu kwamba umma una haki ya kumjua mhalifu. Akiwa bado anasakwa, naam, toeni jina na sura ili akamatwe. Akishakamatwa, jina litajwe pale kesi inapolihitaji, na picha ya ukurasa wa mbele iwe ya waliouawa.