Je, wajua kwa nini udongo humsaidia mtoto wa nguruwe asiharishe?

Mtoto wa nguruwe aliyezaliwa nje, miguu yake ikishapata nguvu tu, huchomeka pua ardhini. Anafukua, anatafuna mizizi na kumeza udongo wenye mamilioni ya bakteria. Mfugaji mgeni akiona hivyo humkimbiza kwenye sakafu ya saruji akidhani amemwokoa. Mara nyingi amemnyima kitu.

Nguruwe huzaliwa bila kinga. Kwa binadamu, kingamwili za mama (chembe za damu zinazopambana na vimelea) humfikia mtoto akiwa bado tumboni, lakini kondo la nyuma la nguruwe haliziruhusu kupita. Tegemeo lake ni dang'a, maziwa mazito ya mwanzo yenye kingamwili za mama, na utumbo wake huweza kufyonza kingamwili hizo kwa saa 24 hadi 36 tu. Anayesukumwa na wenzake akakosa chuchu saa hizo anaanza maisha akiwa na deni kubwa.

Wakati huohuo bakteria wanaingia utumboni kutoka kila upande: njia ya uzazi ya mama, ngozi ya chuchu, kinyesi chake, nyasi za malazi, udongo. Nafasi utumboni ni chache na chakula ni kilekile. Ni kama siti za daladala alfajiri, aliyewahi ndiye anayekaa. Wakiwahi laktobasili, bakteria wenye manufaa, hula sukari ya maziwa na kutoa asidi ya laktiki. Tumbo la kitoto bado halitengenezi asidi kali ya kutosha, kwa hiyo asidi hiyo ya bakteria ndiyo inayowabana wavamizi.

Mvamizi anayeogopwa zaidi ni bakteria aitwaye E. koli. Si E. koli wote wanaodhuru, ila wale wa kuharisha wana nyuzi ndogo za kunasia kwenye ukuta wa utumbo mwembamba. Wakishanasa hawatoboi chochote. Wanatoa sumu inayozilazimisha seli za utumbo kumwaga maji na chumvi. Kinyesi kinakuwa maji ya manjano, mkia na matako vinalowa, macho yanadidimia, na kitoto kilichonyonya vizuri asubuhi kinaweza kufa kesho yake kwa kuishiwa maji mwilini. Cha kustaajabisha, wapo nguruwe waliozaliwa bila sehemu ambazo nyuzi hizo hunasia. Wanameza vimelea vilevile na hawaugui.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aberdeen, Uskoti, walichapisha jaribio lililowalinganisha watoto wa nguruwe waliolelewa nje, waliolelewa ndani, na waliotengwa mahali safi kabisa huku wakipewa antibiotiki. Wa nje ndio waliokuwa na laktobasili wengi zaidi. Kadiri kundi hilo la bakteria lilivyokuwa kubwa ndivyo bakteria wenye uwezo wa kuleta ugonjwa walivyokuwa wachache. Waliotengwa walionyesha dalili zaidi za kinga iliyowashwa na kuleta uvimbe ndani ya utumbo. Usafi wa kupindukia haukuwapa utulivu.

Udongo pia una madini ya chuma. Kitoto huzaliwa na akiba ya takriban miligramu 50, kinahitaji miligramu 7 hadi 10 kila siku, na maziwa ya mama hukipa kama miligramu 1 tu. Ndiyo sababu wanaozaliwa kwenye saruji huchomwa sindano ya chuma siku chache baada ya kuzaliwa. Wasipochomwa hupauka, huishiwa damu na kuugua kwa urahisi. Wanaofukua udongo hujichotea wenyewe.

Mtihani mkubwa unakuja siku ya kuachishwa kunyonya. Nguruwe wakiachwa kwa hiari yao, mama huwaachisha polepole kwa wiki 12 hadi 17 hivi. Kwenye mabanda ya kibiashara huachishwa wakiwa na wiki 3 au 4, kwa siku moja. Sukari ya maziwa inakatika na laktobasili wanapungua. Kingamwili zilizokuwa zikija na kila fundo la maziwa kulinda utumbo kwa ndani zinakatika pia, na vinyweleo vya utumbo, vinavyofyonza chakula, vinafupika kwa sababu mnyama hata hali vizuri siku za mwanzo. E. koli wanapata uwanja. Kwa miaka mingi wafugaji wa Ulaya waliziba pengo hilo kwa dozi kubwa za oksidi ya zinki, hadi Umoja wa Ulaya ulipozipiga marufuku mwezi Juni 2022. Kitoto kilichokwisha kuzoea majani, mizizi na udongo kikiwa bado kinanyonya hufika siku hiyo na utumbo uliojifunza vyakula vingine.

Lakini udongo si dawa, na hili nalisema kwa msisitizo. Humo pia hukaa mbegu za bakteria wa klostridia, wanaoweza kuua vitoto vya siku 2 au 3 kwa kuhara damu, na bakteria wa erisipela, wanaochora mabaka yenye umbo la almasi kwenye ngozi. Mayai ya minyoo ya askarisi hudumu ardhini miaka kadhaa. Eneo lililokanyagwa msimu baada ya msimu hujaza vyote hivyo, kwa hiyo kibanda cha kuzalia kihamishiwe ardhi mpya kila uzao.

Na kufuga nje si kuachia nguruwe wazurure. Nguruwe anayerandaranda kijijini, kama inavyoonekana Mbozi (Tanzania) au Busia (Kenya), hufikia vinyesi vya watu na kuokota mayai ya tegu, na hukutana na virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo haina tiba. Utumbo, hata uwe na laktobasili wengi kiasi gani, hauzuii hayo. Anahitaji uzio imara, maji safi, kivuli, na choo cha watu kilichofungwa vizuri.