Uzito wa Gunia Hauzuii Gunia Kuhama

Msimu wa korosho unaleta malori mengi barabarani, kuanzia Newala na Tandahimba hadi bandari ya Mtwara. Na kila tukisimamisha gari lenye magunia yasiyofungwa, jibu ni lilelile: "Mzigo mzito huu afande, hauendi popote." Tunawaheshimu madereva wetu, lakini jibu hili limetuchosha.

Lori likienda kilomita 80 kwa saa, gunia nalo linakwenda 80. Breki zinashika magurudumu, hazishiki gunia. Lenyewe linaendelea mbele mpaka lizuiwe. Hiyo ndiyo inesha, Newton aliiandika mwaka 1687. Kinacholizuia ni msuguano wake na bodi. Kweli, gunia zito lina msuguano mkubwa zaidi, ila nguvu inayohitajika kulisimamisha nayo inapanda kwa kiwango hichohicho. Kwa hiyo la kilo 80 na la kilo 20, kwenye bodi moja na breki moja, yanaanza kuteleza pamoja. Bodi likiwa na mchanga, yanateleza mapema zaidi.

Kipimo kinachotumika sana katika ufungaji ni hiki: mzigo uzuiwe kwenda mbele kwa nguvu sawa na nane ya kumi ya uzito wake, na nusu ya uzito kwa pembeni na nyuma. Tani 10 za korosho zinadai tani 8 mbele. Kamba moja iliyochakaa, yenye fundo la utingo, haifiki huko.

Kwenye kona mzigo unang'ang'ania kwenda moja kwa moja wakati gari linakata. Ukishuka kutoka Newala kuelekea Masasi, kona na breki huja pamoja, na magunia yakihamia upande mmoja lori linaweza kulala.

Wapo wanaotuonyesha karatasi ya mizani. Mizani inapima uzito, haikagui kamba. Hata ukiwa chini ya tani 56, kikomo cha juu kabisa cha uzito wa gari na mzigo wake katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mzigo haujafungwa, bado una kosa. Utaandikiwa taarifa ya kosa yenye namba ya malipo; soma namba ya gari na aina ya kosa kabla ya kuondoka, lipa kwa namba hiyo tu, tunza risiti. Askari hapokei fedha mkononi. Kosa la mzigo na kosa la abiria kukaa juu ya magunia ni makosa mawili, msibishane.

Magunia hujishindilia njiani na kamba hulegea, hivyo simama baada ya kilomita chache za mwanzo, kaza upya.