Gari Dogo la Nje Lililotumika: Jinsi Ninavyoamua Linunuliwe au Liachwe

Kazi yangu ni kukagua magari yaliyotumika kwa niaba ya watu wanaotaka kuyanunua, na wengi wao hunipigia simu wakati moyo umekwisha kuamua: gari limeonekana, rangi imependeza, bei imekubaliwa, na kinachotakiwa kwangu ni baraka tu. Makala haya nayaandika kwa ajili ya yule ambaye bado hajafika hapo. Swali la kwanza kuhusu gari dogo lililotengenezwa kwa ajili ya nchi nyingine halijibiwi chini ya boneti. Hujibiwa kabla gari lenyewe halijaonekana, nalo ni hili: gari hili likiharibika mahali ninapoishi, nani atalitengeneza, kwa vipuri vipi, na nitasubiri muda gani?

Nililielewa uzito wa swali hilo kwa kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikagua gari dogo kwa ajili ya mteja, nikaliona safi kuanzia injini hadi bodi, nikaandika kwamba linafaa. Lilifaa kweli. Lakini baada ya mwaka mmoja na nusu kompyuta ya giaboksi ilikufa, na gari likakaa miezi minne likisubiri kifaa ambacho hakuna duka la karibu lililokuwa nacho, wala fundi wa karibu aliyekuwa na programu ya kukiingiza kwenye mfumo. Nilikuwa nimemjibu mteja swali alilouliza, nikaacha lile ambalo alihitaji kuuliza. Tangu wakati huo sianzi ukaguzi kabla mnunuzi hajazungumza na mafundi wawili au watatu na kuwauliza waziwazi kama wanalifahamu gari hilo na kama vipuri vyake hupatikana.

Anapouliza, jina lililo kwenye buti halimtoshi. Gari lililouzwa Japani kwa jina la Toyota Vitz liliuzwa Ulaya kama Yaris. Honda Fit ya Japani ni Jazz huko Ulaya. Nissan March ni Micra. Kwa upande mwingine, magari mawili yenye jina moja na mwaka mmoja yanaweza kuwa na injini tofauti, giaboksi tofauti na hata breki tofauti, kwa sababu kila moja lilikusudiwa soko lake. Kinachomwongoza muuza vipuri ni namba ya chesisi pamoja na msimbo wa injini. Namba ya kimataifa ya chesisi ina herufi na tarakimu 17, na haitumii kamwe herufi I, O wala Q ili zisichanganywe na 1 na 0. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani hutumia namba fupi zaidi, yenye msimbo wa modeli, kistari, kisha namba ya mfululizo. Mtu akiona namba fupi asidhani ameibiwa, lakini ajue kwamba mifumo mingi ya kutafutia vipuri iliyojengwa kwa namba 17 haitaitambua.

Soko la asili huonekana pia katika mambo madogo ambayo mnunuzi huyagundua akiwa tayari ndiye mwenye gari. Taa za mbele za gari lililotengenezwa kwa nchi zinazoendesha upande wa kushoto huelekeza mwanga mwingi zaidi kushoto. Gari hilo likipelekwa nchi inayoendesha kulia, humulika macho ya wanaokuja. Redio ya gari la Japani kwa kawaida hupokea masafa ya FM yanayoanzia 76 MHz na kuishia karibu 90 au 95, kwa hiyo stesheni nyingi za nchi nyingine zilizo juu zaidi haizipati. La redio huvumilika. La taa ni la usalama, na gharama ya kulirekebisha ihesabiwe mapema.

Magari madogo kabisa ya Japani, yale yanayoitwa kei, yanastahili neno lake. Sheria huyawekea kikomo cha injini ya sentimita za ujazo 660, urefu wa mita 3.4 na upana wa mita 1.48. Kwa safari za mjini ni magari ya akili sana: mepesi, hayali mafuta, na hugeuka mahali ambapo mengine hukwama. Mtu anayesafiri masafa marefu kwa mwendo mkubwa, hasa akiwa amebeba abiria wanne na mizigo, simshauri kununua gari la namna hiyo, kwa kuwa injini ndogo kiasi hicho italazimika kuzunguka kwa kasi ya juu saa nzima. Yaliyo na taabo, kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi, huongeza sharti jingine, kwamba oili ibadilishwe kwa wakati bila kukosa, kwa sababu ekseli ya taabo huelea juu ya oili hiyo hiyo.

Watu wengi huamini kwamba udogo wa gari ni urahisi wa gari. Kwa magari ya zamani ilikuwa kweli. Kwa yaliyotengenezwa katika miaka 15 hivi iliyopita, hasa ya Ulaya, mara nyingi ni kinyume chake: injini imepunguzwa ukubwa, na nguvu iliyopotea imerudishwa kwa taabo, kwa kunyunyiza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, na kwa mbinu nyingine ambazo kila moja ina namna yake ya kuchoka. Mfano ninaokutana nao sana ni mkanda wa taimingi, ule unaooanisha mwendo wa pistoni na vali, unaofanya kazi ndani ya oili. Injini ya Ford ya lita 1.0 iitwayo EcoBoost, iliyotoka mwaka 2012, ilitumia mkanda wa aina hiyo, na vivyo hivyo injini ya PureTech ya lita 1.2 ya Peugeot na Citroën. Mpira wa mkanda ukikutana na oili isiyo sahihi, au oili iliyochelewa kubadilishwa na kuchanganyika na petroli, huanza kulainika na kumomonyoka. Vipande vyake huteremka hadi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na kuziba chujio la pampu, shinikizo la oili hushuka, na injini inaweza kuharibika hata kabla mkanda wenyewe haujakatika. Kwa hiyo injini za namna hii sizikubali kwa maneno matupu ya muuzaji. Nataka kuona karatasi zinazotaja oili iliyowekwa, tarehe na kilomita. Zisipokuwepo, naihesabu gharama ya kubadilisha mkanda na kusafisha sampu kuwa sehemu ya bei ya gari.

Mkanda wa kawaida, ule mkavu, hauna siri kubwa ila tarehe. Mtengenezaji huweka kikomo cha kilomita na kikomo cha miaka, na kinachofika kwanza ndicho kinachofuatwa. Gari lililokaa bila kutembea bado linazeesha mpira wake. Katika injini nyingi za leo pistoni na vali hutumia nafasi ile ile kwa zamu, hivyo mkanda ukikatika hugongana, na hasara yake huenda ikazidi thamani ya gari. Cheni, inayotumika badala ya mkanda katika injini nyingine, hudumu zaidi, lakini nayo hulegea, na sauti ya kuchakacha katika sekunde za mwanzo baada ya kuwasha injini baridi ni dalili ambayo siipuuzi.

Giaboksi ndiyo sehemu ninayoitilia muda mwingi kuliko zote, kwa kuwa katika magari madogo ya nje ndiyo iliyowagharimu wateja wangu fedha nyingi zaidi. Gia za mkono zina klachi inayokwisha, jambo ambalo kila fundi analifahamu. Aina ya CVT, iliyojaa katika magari madogo ya Japani, haina gia za hatua; ina mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili zinazobadilika kipenyo, na uhai wake wote umo katika oili yake maalumu. Oili ya kawaida ya otomatiki ikimiminwa humo kwa kutojua au kwa kubana matumizi, mkanda huteleza na kukwaruza puli. Zile zenye klachi mbili kavu, zinazopatikana katika magari madogo kadhaa ya Ulaya, hutikisika kwenye foleni zinapoanza kuchoka. Ninaendesha gari likiwa baridi, kisha likiwa limepata moto kwa nusu saa. Ninalisimamisha mlimani na kuliondoa polepole, halafu ninalirudisha nyuma mlima huo huo, kwa sababu rivasi ya mlimani hufichua udhaifu ambao barabara tambarare huuficha. Nikihisi mtetemo, mvumo unaopanda wakati mwendo haupandi, au sekunde ya kusita kabla gari halijashika, kwangu gari hilo lina ugonjwa hata kama taa zote za dashibodi zimezimika.

Gari dogo la dizeli la kisasa namwambia mtu wa safari fupi aliache, kwani kichujio cha masizi kwenye ekzosi huhitaji safari ndefu yenye moto wa kutosha ili kijisafishe, na dizeli yenye salfa nyingi hukimaliza haraka zaidi.

Kilomita zilizoandikwa ninazisoma kama madai ya muuzaji. Odometa ya kidijitali hurudishwa nyuma kwa dakika chache, kwa hiyo nazilinganisha kilomita na mpira wa pedali, ngozi ya usukani, bawaba ya mlango wa dereva na mgongo wa kiti chake. Vyeti vya ukaguzi husaidia zaidi: nchini Japani gari binafsi jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na gari lililopita mnadani huko huwa na karatasi ya tathmini ambamo herufi R kwa kawaida humaanisha kwamba gari liliwahi kupata ajali na kutengenezwa. Muuzaji akitoa karatasi hiyo, ninahakikisha namba ya chesisi iliyoandikwa ndiyo iliyogongwa kwenye chuma.

Mashine ya kusomea hitilafu nayo hueleza zaidi ya misimbo ya makosa. Magari yote madogo yaliyouzwa Marekani tangu modeli za 1996, na ya petroli yaliyouzwa Umoja wa Ulaya tangu 2001, yana mfumo wa pamoja wa kujipima, na ndani yake kuna orodha ya vipimo vya utayari. Misimbo inapofutwa, vipimo hivyo huanza upya na huhitaji siku kadhaa za kuendesha ili vikamilike. Nikikuta hakuna hitilafu hata moja lakini vipimo karibu vyote havijakamilika, najua kwamba kumbukumbu imefutwa karibuni, au betri imechomolewa, na namuuliza muuzaji ni kwa nini.

Bodi hudai mwanga wa mchana. Magari yaliyotoka nchi zinazomwaga chumvi barabarani majira ya baridi huoza kwa chini huku juu yakimeta, basi lazima yanyanyuliwe, mabomba ya breki na viungo vya saspensheni vipapaswe kwa mkono. Kwa mafuriko, ninavuta mkanda wa kiti hadi mwisho wake: pale chini kabisa, ambapo muoshaji hafiki, mara nyingi hubaki mstari wa tope.

Kuna jambo moja ambalo ningependa kila mnunuzi alichukue kwa uzito wa uhai wake. Mamilioni mengi ya magari ya kampuni mbalimbali, madogo yakiwemo, yaliwekewa vifaa vya kujazia mifuko ya hewa vilivyotengenezwa na kampuni ya Kijapani ya Takata. Kemikali iliyotumika, naitreti ya amonia, huharibika kwa miaka ya joto na unyevu, na kifaa kinaweza kupasuka badala ya kujaza mfuko, kikarusha vipande vya chuma usoni mwa aliyeketi. Watengenezaji waliyaita magari hayo yabadilishiwe vifaa bila malipo, lakini barua za wito hutumwa kwa mmiliki anayejulikana, na gari lililokwisha kuvuka mpaka huweza kubaki na kifaa chake cha zamani bila mtu kuarifiwa. Kuangalia ni rahisi: namba ya chesisi huingizwa kwenye tovuti ya mtengenezaji, au hupelekwa kwa wakala wake. Gari lenye wito usiotekelezwa sikubali hata liendeshwe kwa majaribio.

Yote hayo yakipita, hubaki kuwasha injini ikiwa baridi. Ninamwomba muuzaji mapema asiiwashe, na ninapofika huweka kiganja juu ya injini kabla ya salamu kuwa ndefu. Injini baridi ndiyo inayosema kweli: moshi wa buluu wa oili inayopita kwenye pete au sili za vali, moshi mweupe wenye harufu tamu ambao hauishi hata injini ikipata moto, ishara kwamba maji ya rejeta yanavuja kupitia gasketi ya silinda hedi, mlio wa cheni, stata inayosuasua. Injini iliyotangulizwa kupashwa moto huficha mengi ya hayo.

Kisha huja hesabu. Kwenye bei ya gari ninaongeza oili zote, ya giaboksi ikiwemo, vichujio, plagi, maji ya breki, na matairi endapo tarakimu nne zilizo ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka, zinaonyesha kwamba yamezeeka hata kama kashata zake bado ni nene. Jumla hiyo ikizidi fedha aliyonayo mnunuzi, ninamwandikia kwamba gari ni zuri ila si lake kwa sasa. Na muuzaji akikataa injini iwashwe ikiwa baridi, au akikataa gari linyanyuliwe, ripoti yangu huwa na neno moja tu: liachwe.