Pima pengo kabla ya kununua kitanda cha mtoto

Mama mmoja mjamzito alinionyesha kwenye simu yake picha ya kitanda alichotengenezewa na fundi wa Kibuye, hapa Kisumu. Ni kile cha kuunganishwa na kitanda cha mama, ubavu mmoja ukiwa wazi ili usiku mtoto afikiwe bila mtu kuinuka. Mbao zimepigwa msasa vizuri, vanishi inang'aa. Nilimwomba akifika nyumbani anipimie nafasi iliyopo kati ya ufito na ufito. Jioni akanijibu: sentimita 9.

Nafasi ya sentimita 9 inaweza kupitisha miguu, tumbo hata kifua cha mtoto mchanga. Kichwa ndicho hakipiti. Mwili unateleza nje, kichwa kinabaki ndani, na shingo isiyo na nguvu bado inabeba uzito wote. Hawezi kulia, kwa sababu njia ya hewa imekwisha kubanwa. Mama amelala hatua moja kutoka hapo na hasikii kitu.

Nafasi hiyo isizidi sentimita 6. Chukua rula ya mtoto wa shule uende nayo sokoni. Mama yule alirudi kwa fundi, akaongezewa ufito mmoja katikati ya kila pengo, kazi ya alasiri moja tu. Mafundi wetu ni hodari. Wanachokosa mara nyingi ni kipimo, na kipimo hicho ni juu yetu kuwapelekea.

Lakini kinachonitia hofu zaidi ni ule ubavu ulio wazi, pale vitanda viwili vinapokutana. Mchana, kitanda kikiwa kimesukumwa vizuri, huoni pengo lolote. Usiku mama anakaa ukingoni kunyonyesha, godoro lake linabonyea, goti linasukuma kitanda kidogo, na taratibu nafasi inafunguka. Kwa hiyo usikijaribu kwa macho. Kifunge kwa mikanda imara kwenye fremu ya kitanda chako, kisha keti ukingoni kama unavyoketi ukinyonyesha, ukisukume kwa goti kwa nguvu. Pitisha kiganja kati ya magodoro mawili. Kiganja kikiingia, kitanda hicho bado hakijawa tayari. Usizibe pengo kwa leso iliyokunjwa wala mto. Vitu hivyo vinabonyea na vinaweza kumziba pua. Magodoro yawe na usawa mmoja pia: la mtoto likiwa juu anaweza kubingirikia kwako, na lako likiwa juu blanketi lako litamwangukia.

Godoro lenyewe liwe gumu na bapa. Libonyeze kwa kiganja kisha uachie. Likibaki na alama ya mkono, liache. Pembeni, kati ya godoro na mbao, vidole viwili visiingie. Juu yake tandika shuka moja iliyobana, basi. Najua zawadi zitakuja: vimito, midoli, vitambaa vya sponji vya kuzungushia kingo. Pokea, shukuru, uviweke kabatini. Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa vitambaa hivyo vinene mwaka 2022. Na mwaka 2011 ilikuwa imekwisha kupiga marufuku vitanda vya kawaida vya watoto vyenye ubavu wa kupandishwa na kushushwa, kwa sababu vishikio vililegea, ubavu ukachomoka na watoto wakabanwa. Ukikuta cha namna hiyo kwenye mitumba, usikinunue hata kikiwa bei ya kutupa.

Mlaze chali, mchana na usiku. Nyanya wengi huniambia atapaliwa akicheua. Akiwa chali, njia ya hewa iko juu ya njia ya chakula, kwa hiyo maziwa yanayorudi hayashuki kwa urahisi kwenye mapafu. Uingereza ilianza kuwahimiza wazazi hivyo mwaka 1991, Marekani 1994, na vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikapungua kwa zaidi ya nusu.

Huku kwetu kando ya ziwa kuna malaria, basi neti yenye dawa uliyopewa kliniki ifunike vitanda vyote viwili. Ijaribu kabla hujajifungua. Isimlalie mtoto usoni, na kamba zake zisining'inie karibu naye. Joto la Kisumu halihitaji blanketi zito wala kofia akiwa amelala ndani. Nakuru kuna baridi, mvalishe nguo za kutosha, lakini usimfunike kichwa, na jiko la makaa lisilale chumbani kamwe. Ukitaka kujua kama ana joto mno, gusa shingo yake kwa nyuma: ikiwa na jasho, punguza nguo.

Wengi watasema kitanda hicho hawakimudu, na chumba cha mitaa kama Nyalenda au Manyatta hapa Kisumu hakina nafasi. Ni kweli. Finland imekuwa ikiwapa akina mama boksi la katoni lenye godoro dogo tangu 1938, na watoto wengi wamelala humo miezi yao ya kwanza. Katoni imara isiyo na pini wala harufu ya dawa, yenye godoro gumu linalojaa sawasawa, ikiwekwa sakafuni karibu na kitanda chako mahali pakavu ambapo hakuna mtu anayepita wala chombo cha moto, ni bora kuliko kitanda cha kupendeza chenye pengo. Usisinzie naye kwenye kochi. Hapo ni hatari kuliko hata kitandani mwako.

Mtoto akianza kujiinua kwa mikono na magoti, kwa kawaida karibu miezi 5 au 6, wengine mapema zaidi, muda wa kitanda cha ubavu wazi umekwisha. Usiku huo huo mhamishie kwenye kitanda chenye kingo ndefu pande zote nne, humo humo chumbani mwako.