Kundi la matangazo la kanisa ni nini?

Ni kundi la WhatsApp ambalo ma-admin peke yao ndio wanaoandika. Waumini wengine wanasoma tu. Mpangilio wenyewe unawekwa kwa dakika moja. Lifikirie kama yule mzee wa kanisa anayesoma matangazo ibadani, ila hili linamfikia hata mama aliyebaki nyumbani na mtoto mwenye homa.

Lisichanganywe na kundi la kawaida la washarika, lile la salamu za asubuhi na picha za maua yanayometameta. Sina ugomvi na maua. Shida ni tangazo la msiba kuangukia humo: saa ya ibada ya kuaga inatajwa mara moja, zinafuata "poleni sana" themanini, na anayewasha data jioni hana subira ya kupandisha mpaka juu.

Wapo wanaotumia orodha ya kutuma kwa wengi badala ya kundi. Hiyo inabeba namba 256, tena ujumbe unamfikia tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Kundi linabeba watu 1,024.

Kuwa na kundi hakutoshi kama tangazo lenyewe halisomeki. Kwetu liliwahi kutoka bango zuri sana la semina ya wanandoa, limeandikwa "9:00". Kijana aliyelitengeneza alimaanisha asubuhi, kwa saa za Kizungu. Baadhi ya wanandoa walifika saa tisa alasiri, wakakuta kina mama wanaosha masufuria. Siku hizi tunaandika hivi, chini ya picha:

"Semina ya wanandoa. Jumamosi hii, tarehe 14 Juni, saa tatu kamili asubuhi, ukumbi wa kanisa. Chakula kipo. Maswali: mpigie katibu."

Maandishi hayo hata aliyezuia picha zisijipakue, ili kuokoa bando, anayapata.

Matangazo ya wagonjwa yana tahadhari yake. Taja jina baada ya familia kukubali, na ugonjwa uache. Kwa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na ujumbe wa kundi ukishaforwadiwa haurudi.

Ma-admin wasipungue wawili. Simu ya katibu inaweza kuibiwa stendi Jumamosi jioni, na ratiba ya ibada ikawa imebadilika.