Dawa za mimea na magonjwa ya shina la mzabibu: dhana na ukweli

Dhana: Mzabibu ulioanza kukauka huponywa kwa kunyunyiziwa maji ya mwarobaini au ya kitunguu saumu.

Majani yenye michirizi ya manjano na kahawia ni dalili tu, kwani ugonjwa wenyewe umo ndani ya mti. Ukikata shina lililougua utaona vitone vyeusi vinavyotoa utomvu, au sehemu iliyokufa yenye umbo la kabari, na huko dawa ya kunyunyizia haifiki. Kuvu kama *Eutypa lata* na *Phaeomoniella chlamydospora* huingia hasa kupitia majeraha ya kupogoa, kisha huweza kukaa humo miaka kadhaa kabla ya kuonekana. Kazi ya viambato vya mimea, basi, ni kukinga jeraha bichi. Mwarobaini, ambao wakulima wengi huutumia kwa kila kitu, unasifika zaidi dhidi ya wadudu.

Kwa mkulima wa Uganda jambo hili ni zito, kwa sababu hapa mzabibu haulali kwa baridi kama wa Ulaya, na kusini na kati mwa nchi mvua huja misimu miwili. Anayepogoa mwezi Aprili huacha majeraha wazi wakati uleule mvua inapotawanya mbegu za kuvu. Ni afadhali kungoja ukavu wa Januari au wa Juni na Julai.

Dhana: Kinachoua kuvu maabara kitaiua na shambani.

Viambato vya mimea kama thimoli ya mafuta ya zaatari, eujenoli ya mafuta ya karafuu na resveratroli ya mzabibu wenyewe huzuia kuvu kadhaa maabara. Shambani, mafuta hayo hupeperuka, mwanga wa jua huibadilisha resveratroli, na mvua huosha kilichobaki. Ndiyo maana navutiwa sana na kazi ya Taasisi ya Max Planck mjini Mainz, Ujerumani, ambako dawa ya kuvu ilifungwa katika vifuko vidogo mno vya lignini, kiambato kinachoupa mti ugumu. Kuvu ikitoa vimeng'enya vya kuimeng'enya lignini, dawa hutoka papo hapo. Dawa hiyo lakini ilikuwa ya viwandani. Cha mmea kilikuwa kifuko.

Dhana: Cha asili hakidhuru.

Mafuta ya karafuu yakiwa makali huunguza majani, na hutumika hata kuua magugu.

Kwa mzabibu ambao tayari unaumwa, kata shina hadi ufikie mti safi usio na doa, choma mabaki, kisha lea chipukizi la chini liwe shina jipya.