Chhath: Jua Likizama, Mfungo Haujaisha

Kila mwaka, kabla kundi langu la wasafiri halijaondoka kwenda Patna, mji mkuu wa jimbo la Bihar nchini India, kutazama ibada ya Kihindu ya Chhath, hakosekani msafiri wa kuniuliza: "Hawa wanaofunga Chhath wanafuturu saa ngapi?" Namweleza kwa kirefu, anaitikia, kisha akifika kando ya mto anatenda kana kwamba hatukuzungumza. Swali hilo limenichosha, na makosa yanayozaliwa nalo humwangukia mfungaji mwenyewe, ambaye hakumwalika mtu kuja kumtazama.

Najua dhana hii inakotoka. Sisi tuliolelewa pwani, hata tusio Waislamu, tukisikia kwamba mtu amefunga tunawaza daku, adhana ya magharibi na tende. Chhath haiendi hivyo. Ni ibada ya siku 4 kwa jua na kwa mungu wa kike Chhathi Maiya, inayofanywa zaidi na watu wa Bihar, Jharkhand, mashariki ya Uttar Pradesh na uwanda wa Terai nchini Nepal. Siku ya kwanza, Nahay-Khay, mfungaji huoga na kula mlo mmoja wa wali, dengu na mumunye, usiotiwa kitunguu maji wala kitunguu saumu. Siku ya pili, Kharna, hushinda na njaa na kiu, na jioni hula wali wa maziwa uliopikwa kwa sukari guru pamoja na chapati. Wageni wakiuona mlo huo wa jioni husema, "Si tulisema? Wanafuturu." Kumbe mlo wa Kharna ndio unaoufungulia mlango mfungo mkubwa wa saa 36, bila chakula na bila tone la maji, unaoanzia usiku huo, ukayapita machweo ya siku ya tatu na kuishia mawio ya siku ya nne.

Jioni ya siku ya tatu mfungaji husimama mtoni, maji yakimfika kiunoni, na kuuinulia jua linalozama ungo wenye ndizi, nazi na thekua, yaani biskuti za unga wa ngano, sukari guru na samli, huku jamaa zake wakimimina maji au maziwa mbele ya ungo huo. Tendo hilo huitwa arghya. Ni sadaka, wala halihusiani na kufuturu. Nilimshuhudia mgeni wangu mmoja, mtu mwema kabisa, akiteremka ngazi za mto na kuingia majini hadi magotini, chupa ya maji mkononi, akamwambia bibi mmoja kwa Kiswahili, "Karibu mama, jua limeshazama." Binti wa bibi huyo aliuzuia mkono wa mgeni kwa upole, bila neno. Bibi alikuwa amebakiza zaidi ya saa 12. Nyumbani kwao ilisubiri miwa 5 ya kusimamishwa na kufungwa pamoja juu kama kibanda, na taa za udongo za kuwashwa chini yake, kisha kabla ya alfajiri kurudi tena mtoni kwenye baridi kulingojea jua lichomoze. Mgeni alikwenda hotelini akalala, akarudi kwao akisimulia kwamba ameiona Chhath, ilhali arghya ya asubuhi ilimpita.

Jambo jingine nalisisitiza mpaka wasafiri wangu wananiona mkali: mkikaribishwa nyumbani jioni ya Kharna, zimeni simu na nyamazeni. Kwa mila, mfungaji akisikia anaitwa, au kelele ikamfikia akiwa anakula, huacha kula papo hapo. Simu yako ikilia, huenda umemwingiza kwenye saa 36 za mfungo akiwa amekula nusu tu ya mlo wake.

Dhana ya pili ni ya tarehe. Wengi huhesabu siku 6 baada ya Diwali na kukata tiketi. Hesabu sahihi ni siku ya 6 ya mwezi mchanga wa Kartik, mwezi wa kalenda ya Kihindu, na Diwali husherehekewa usiku wa giza, ambao giza lake pengine huendelea hadi kesho yake. Mwaka 2022 Diwali ilikuwa Oktoba 24 na arghya ya jioni Oktoba 30, siku 6 kamili. Mwaka 2025 Diwali ilikuwa Oktoba 20, lakini arghya ya jioni ilikuwa Oktoba 27, hivyo aliyehesabu 6 aliangukia Kharna. Mwaka 2026 arghya hiyo inasogea hadi Novemba 15, kwa kuwa mwaka huo una mwezi wa ziada unaoongezwa ili miezi ya mwandamo isiachane na majira ya jua. Angalieni kalenda ya Kihindu ya mwaka husika, basi.

Na saa nazo msizipime kwa jua la Dar es Salaam au Mombasa. Majira hayo jua la Patna huzama mapema, dakika chache tu baada ya saa kumi na moja jioni, na huchomoza karibu na saa kumi na mbili asubuhi. Anayetoka hotelini saa kumi na moja hukuta watu wanapanda ngazi kurudi makwao.

Mengine ni mepesi. Kuhani hahitajiki, kwani mfungaji hulitolea jua sadaka mwenyewe. Wanaofunga wengi ni wanawake, ila wanaume nao hufunga. Chhath huja mara mbili kwa mwaka, maana ipo pia ile ya mwezi wa Chaitra, kati ya Machi na Aprili, yenye watu wachache. Wala si Wahindu wote wanaoishika: jirani yako Mgujarati wa Kariakoo huenda hajawahi kuifunga, kwa hiyo usimuulize yeye ratiba.

Asubuhi ya siku ya nne, baada ya arghya ya jua linalochomoza, mfungaji hufungua kwa kipande cha tangawizi na sukari guru. Ndipo thekua hugawiwa. Ukipewa, ipokee kwa mikono miwili.